MBIO FUPI ZA SERAPHINO ANTAO

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuwaona watoto wa shule wakishindana mbio. Wanajipanga kwenye mstari, mwalimu anapuliza filimbi, na kabla hujamwona mwanao yuko wapi, mbio zimekwisha! Leo tutaeleza habari za bingwa wa mbio za namna hiyo. Jina lake ni Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa, Kenya.

MBIO FUPI NI ZIPI?

Mbio fupi ni zile za meta 100, 200 na 400. Meta 100 ni karibu sawa na urefu wa uwanja wa mpira, toka goli hadi goli.

Mkimbiaji wa mbio ndefu hutunza nguvu zake, kama mtu anayetembea toka Matema kwenda Kyela mjini na mzigo kichwani. Mkimbiaji wa mbio fupi hutoa nguvu zote kwa mara moja. Nguvu hizo ni akiba ndogo iliyomo ndani ya misuli, nayo huisha upesi sana. Basi, akichelewa kidogo kuondoka, au mwili ukiwa na homa, hapati nafasi ya kufidia.

KIJANA WA PWANI

Antao alizaliwa mwaka 1937. Asili ya wazazi wake ni Goa, huko India. Wakati ule Kenya ilikuwa ikitawaliwa na Waingereza. Mwaka 1960 alikwenda Roma, Italia, kwenye Michezo ya Olimpiki. Hakupata medali. Je, alikata tamaa? Hapana. Aliendelea na mbio zake.

Mwezi Novemba mwaka 1962 ilifanyika michezo ya nchi za Jumuiya ya Madola mjini Perth, Australia. Jua lilikuwa kali mno siku zile. Antao alishinda mbio za yadi 100, yaani kama meta 91, kwa sekunde 9 na nusu. Hebu hesabu taratibu moja mpaka kumi. Kabla hujataja kumi, yeye amekwisha fika! Kisha akashinda na yadi 220. Zikawa medali mbili za dhahabu, na ndizo dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo.

UGONJWA HAUNA HODI

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Oktoba 1964 ilipeleka wanamichezo Tokyo, Japani, kwenye Olimpiki yake ya kwanza ikiwa nchi huru. Aliyebeba bendera mbele ya wenzake ni Antao. Lakini kabla ya siku yake ya kukimbia aliugua tonsili, yaani uvimbe wa kooni. Akakimbia akiwa dhaifu, akatolewa mapema. Kazi ya miaka mingi ikaharibiwa na koo! Medali ya Kenya mwaka ule, ya shaba, ililetwa na Wilson Kiprugut, mkimbiaji wa meta 800.

Baadaye Antao aliacha mashindano akiwa bado kijana. Alihamia London, Uingereza, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 2011.

TUNAJIFUNZA NINI?

Watu husema wakimbiaji wa Afrika Mashariki hutoka milimani kwenye baridi, na mbio zao ni ndefu. Ni kweli, wengi wametoka huko. Lakini Antao alitoka pwani kwenye joto, akashinda mbio fupi. Sisi wa Kyela tunakaa bondeni, kando ya Ziwa Nyasa, na joto letu tunalijua. Basi tusiseme kwamba mabingwa ni wa milimani tu.

Ndugu wazazi, mtoto mwenye mbio tumpe nafasi ya kufanya mazoezi, wasichana na wavulana sawa. Akiwa na homa, asilazimishwe kukimbia ati kwa sababu shule inamtegemea. Apelekwe zahanati kwanza. Tena asiache masomo kwa ajili ya mbio. Miaka ya miguu kuwa myepesi ni michache, lakini maisha baada ya mbio ni marefu, na elimu haina mwisho.