Makaburi ya vifaru Ol Pejeta yana funzo kwa wavuka mipaka

NANYUKI, Kenya

Wafanyabiashara wanaopeleka mizigo Isiolo na Moyale hupita Nanyuki. Si wengi wanaojua kuwa karibu na mji huo, ndani ya shamba la zamani la walowezi, kuna makaburi yasiyo ya binadamu.

Ni makaburi ya vifaru katika hifadhi ya Ol Pejeta, kaunti ya Laikipia. Chini ya mti yamepangwa mawe yenye vibao vinavyotaja jina la kifaru na jinsi alivyokufa. Wengi waliuawa na majangili waliotaka pembe.

Ardhi hiyo ya takriban ekari 90,000 ilikuwa ranchi ya ng’ombe ya Lord Delamere. Mwaka 2004 ilinunuliwa na shirika la uhifadhi la Fauna & Flora International. Mpaka leo ng’ombe na wanyamapori wanalisha pamoja.

Anayekumbukwa zaidi hapo ni Sudan, dume wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini. Alizaliwa mwaka 1973 katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, akakamatwa angali mdogo na kupelekwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ulaya. Aliletwa Kenya Desemba 2009, akafa Machi 19, 2018, akiwa na miaka 45.

Wamebaki majike wawili tu: Najin na bintiye Fatu. Zamani vifaru hao waliishi pia Uganda, Chad na Afrika ya Kati. Ngome yao ya mwisho porini ilikuwa Garamba, Kongo.

Pembe iliyowamaliza imeumbwa kwa kitu kilekile kilichomo kwenye kucha. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1977, na sheria ya Kenya ya 2013 iliruhusu hata kifungo cha maisha. Lakini magendo hupita barabara zilezile za mahindi na mitumba. Dereva anayepokea kifurushi asichokijua anahatarisha gari, mtaji na uhuru wake.

Njia ya halali ipo. Uganda ilipoteza vifaru wake wote wa porini miaka ya 1980. Ilipoanzisha hifadhi ya Ziwa, wanne kati ya sita wa kwanza walitoka Solio, jirani na Ol Pejeta. Walivuka mpaka wakiwa hai, na leo wana wajukuu.