Nyumba ya Mkulima na Funzo la Kuziba Ufa

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sijui jengo linaloithibitisha methali hiyo vyema zaidi kuliko nyumba moja ya shamba iliyoko Uingereza, katika kijiji cha Kelmscott, Oxfordshire, karibu na mto Thames.

Nyumba hiyo huitwa Kelmscott Manor, na jina hilo la kikabaila lisimhadae msomaji. Ilijengwa yapata mwaka 1600 na jamaa ya wakulima walioitwa Turner. Kuta zake ni za mawe ya chokaa ya sehemu hizo hizo. Paa nalo limeezekwa kwa vigae vya mawe: vikubwa upenuni, kisha vikizidi kuwa vidogo kadiri paa linavyopanda. Mpango huo haukuwa pambo tupu. Maji ya mvua huwa mengi zaidi upenuni, na vigae vikubwa huwa na viungo vichache vya kupenyeza maji; vile vidogo navyo havikutupwa, vilipata kazi juu. Baadaye katika karne hiyo ya 17, jamaa hiyo iliponeemeka, iliongeza ubavu mpya upande wa kaskazini mashariki. Nyumba ya awali haikubomolewa, iliungwa. Hivyo, anayejua kutazama huweza kusoma ukutani jinsi hali ya wenyeji ilivyobadilika.

Mwaka 1871 nyumba hii ilikodiwa na mshairi na msanii William Morris, pamoja na mchoraji Dante Gabriel Rossetti. Morris aliipenda hadi alipofariki mwaka 1896, akazikwa katika kijiji hicho. Enzi hizo, makanisa mengi ya kale ya Uingereza yalikuwa yakiharibiwa kwa jina la ukarabati. Lipu ya kale ilikwanguliwa, na kazi za karne za baadaye zikaondolewa, ili jengo lifanane na lile ambalo msanifu alidhani lilikuwapo hapo awali. Mwaka 1877 Morris, msanifu Philip Webb na wenzao waliunda chama cha kuyalinda majengo ya kale. Msimamo wao ulikuwa wazi: paa livujapo lizibwe mapema, jengo litunzwe siku kwa siku, na kazi ya kila kizazi iheshimiwe.

Kuna atakayeuliza, je, mambo ya Waingereza yatufaa nini? Jibu limo katika chokaa. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hufyonza unyevu, kisha huutoa nje polepole. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia; hubaki ndani ukilila jiwe, hata likaanza kumomonyoka. Kanuni hiyo haichagui nchi. Nyumba za kale za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2001, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Anayezikandika saruji akidhani anaziimarisha huwa anaziua kwa mkono wa huruma.

Nionavyo mimi, hatari kubwa kwa majengo yetu ya kale si umaskini peke yake. Ni ile dhana kwamba jengo hutunzwa kwa mradi mkubwa unaokuja mara moja baada ya miaka mingi, ilhali linalohitajika ni ngazi, chokaa na fundi anayepanda juu kabla ya masika. Nyumba ya Kelmscott, ambayo tangu mwaka 1962 imo mikononi mwa Society of Antiquaries ya London, haikuvuka karne nne kwa kuwa mawe hayazeeki. Ilivuka kwa sababu kila kizazi kilikuwa na watu wa kuishughulikia.

Nawasihi walimu wenzangu wawatoe wanafunzi darasani, wawapeleke kwenye jengo kongwe lililo karibu, na wawaulize maswali matatu. Mawe na mbao hizi zilitoka wapi? Ni sehemu gani iliyoongezwa baadaye, na kwa nini? Maji yanaingilia wapi? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza swali hilo la tatu huenda akawa ndiye mtu mzima atakayeuziba ufa.