Sanduku Lenye Kufuli Tatu

Chini ya mwembe, sanduku la bati limewekwa katikati ya duara. Lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa na mwanachama wake, nyumba mbalimbali. Asipofika mmoja, halifunguki. Vikundi vya akiba vya namna hii, vilivyoanzia Niger mwaka 1991, leo ni jambo la kawaida katika vijiji vya Afrika Mashariki, na Buhehe, wilayani Busia, Uganda, ni nchi yao hasa: watu wanalima, wanavua, wanavuka mpaka kuuza.

Tumezoea kusema kikundi hudumu kwa sababu watu wake ni wavumilivu. Mtafiti Mary Kay Gugerty, aliyechunguza vyama vya mzunguko, ambamo wanachama huchanga na kupokea kwa zamu, ng'ambo ya pili ya mpaka, Busia na Teso za Kenya, alionyesha mwaka 2007 kwamba watu huingia chamani kwa kuwa wanajijua. Hela ikilala nyumbani, mwenyewe huitumia kwa mambo ya leo. Ikishapangiwa siku, zamu na mashahidi, hutulia.

Baadaye watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walijaribu njia kadhaa katika vyama 113 vya magharibi mwa Kenya. Wengine walipewa sanduku na ufunguo wake; wengine waliongeza chungu cha pili, yaani mchango wa pamoja wa kununulia vitu vya afya kama chandarua, kwa zamu. Baada ya mwaka, sanduku liliongeza fedha zilizotumika kwa kinga ya afya kwa karibu theluthi mbili. Chungu cha pamoja, zaidi ya maradufu. Sanduku ambalo ufunguo wake ulishikwa na mtu wa mradi halikufua dafu kwenye kinga: nani afungie hela asiyoweza kuigusa mtoto akiugua?

Lakini kuna pigo ambalo zamu hailiwezi. Katika kikundi cha watu kumi, mtoto wa mmoja akiugua, wale tisa wanamwinua. Mwaka 2020, korona ilipofunga mpaka wa Uganda na Kenya kwa watu na kuacha malori ya mizigo tu, muuza nyanya, muuza samaki na mwendesha boda walikosa riziki siku ileile. Wote kumi wanapoanguka pamoja, hakuna wa kuinua.

Ndiyo maana kufuli hazitoshi. Kabla ya kuingia chama, tazama duara, ujiulize: mpaka ukifungwa kesho, nani hapa atakuwa bado na mihogo shambani?