Kapasita za Kuchuja Kelele za Umeme katika Amplifaya

Katika maeneo ya Katoro, Nyarugusu na Kahama, umeme unaoendesha karasha la kusaga mawe ya dhahabu huweza kuwa ndio unaowasha amplifaya ya kanisa, ya msikiti au ya ukumbi wa harusi. Kila mota inapozimwa, au fundi wa jirani anapoanza kuchomelea, spika hutoa mikwaruzo. Mafundi redio huizuia kwa kufunga kapasita pale umeme unapoingilia katika chombo. Njia hiyo ni sahihi, lakini kapasita isiyostahili mahali hapo huweza kuunguza nyumba, au kumdhuru aliyeshika maikrofoni.

Kabla ya kununua chochote, mtumiaji asikilize kelele yenyewe. Mikwaruzo inayokuja na kuondoka pamoja na mashine za jirani yaelekea kupitia katika nyaya za umeme. Mvumo mzito usiokoma, hata usiku mashine zinapolala, kwa kawaida hutokana na kapasita chakavu za ndani ya amplifaya au na namna vyombo vilivyounganishwa; kichujio cha umeme hakitauponya. Vilevile hakitaongeza umeme uliopungua nguvu.

Kapasita inayounganisha waya wa moto na nyutro iwe na alama X2. Umeme wetu wa volti 230 hufika kilele cha takriban volti 325, na mota kubwa inapozimwa huongezeka mipigo ya ghafla iliyo juu zaidi ya hapo. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa volti 400, ambayo aghalabu ni ya umeme wa betri, huweza kufanya kazi vizuri kwa muda, kisha ikapasuka au kuwaka. Ile ya X2 hutengenezwa ili istahimili mipigo hiyo. Juu yake pasomeke X2 pamoja na 275V~ au 305V~. Kile kialama cha wimbi ndicho kinachoonyesha umeme wa gridi. Kwa amplifaya nyingi, ukubwa wa kati ya maikrofaradi 0.1 na 0.47 hutosha. Ifungwe baada ya fyuzi, na iwekewe rezista ya kuondoa chaji, la sivyo anayegusa meno ya plagi mara baada ya kuichomoa hupigwa.

Kapasita inayotoka katika waya wowote kwenda kwenye kasha la chuma ndiyo ya kuogopwa zaidi. Hapo inatakiwa yenye alama Y2, wala X2 haishiki nafasi yake, kwa kuwa ikifa kwa kuungana ndani, kasha zima huwa na umeme. Ukubwa wake nao una mpaka. Kapasita ya nanofaradi 4.7 hupitisha takriban theluthi moja ya miliampia, kiasi ambacho wengi hawakihisi. Fundi akiweka ya maikrofaradi 0.1 kwa kudhani kubwa huchuja vizuri zaidi, zitapita miliampia 7 hivi, na mwimbaji asiyevaa viatu anayeshika maikrofoni ya chuma huzipokea mwilini mwake ikiwa waya wa ardhi haupo.

Waya huo mara nyingi haupo, au upo bila kazi: plagi ya meno matatu imechomekwa katika ekstensheni ya nyaya mbili, au chuma cha ardhi kimesimama katika udongo wa mbuga uliopasuka kwa kiangazi. Kasha likiwasha vidole, zima chombo, kisha mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA apime ardhi hiyo wakati wa ukame.

Dukani, dai risiti inayotaja aina ya kapasita, na mwambie fundi akuonyeshe maandishi yake kabla hajafunga kasha. Kapasita ambayo maandishi yake yanafutika kwa kidole usiikubali. Bidhaa inayoshukiwa kuwa bandia iripotiwe kwa Tume ya Ushindani, FCC, pamoja na risiti hiyo.