Mtoto anayesoma jina la lori anasoma Kijapani

Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara kuu ya Iringa, watoto husoma majina ya malori yanayopita kando ya meza za vitunguu: Isuzu, Hino. Isuzu ni jina la mto, kama Ruaha. Kijapani kikiandikwa kwa herufi hizi za Kilatini huitwa romaji. Mfumo wake mashuhuri una jina la daktari Mmarekani, James Curtis Hepburn, aliyetoa kamusi ya Kijapani mwaka 1867.

Irabu ni tano, a, e, i, o, u, na husomwa karibu kama zetu. Mzazi, mwambie mwanao asifupishe irabu ndefu: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Hata kwetu, kufa si kufaa.