Mkojo Unavuja? Si Kulogwa, Unapimika!

Je, umewahi kusikia mama fulani kalogwa, eti kwa sababu mkojo unamtoka bila kujijua? Achana na maneno hayo. Iwe Bariadi, Maswa au Meatu, huo ni ugonjwa, si uchawi wala nini!

Ndani ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama kitanda cha kamba. Imebeba kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo mkubwa. Kuzaa, kikohozi cha muda mrefu, kufunga choo na mizigo mizito vinaweza kulegeza kamba hizo. Mtu akicheka, mkojo unatoka. Au mfuko wa uzazi unashuka.

Fistula ni kitu kingine: ni tundu. Uchungu ukichukua muda mrefu bila msaada, kichwa cha mtoto kinabana nyama za njia ya uzazi mpaka zinakufa. Mkojo unatiririka usiku na mchana.

Daktari anajuaje ni lipi?

Kwanza anauliza, kisha anampima mgonjwa. Akihisi fistula, anaingiza maji ya bluu kwenye kibofu. Pamba iliyowekwa ukeni ikilowa bluu, tundu liko kwenye kibofu. Ikilowa mkojo usio na rangi, huenda umetoboka mrija unaotoka kwenye figo. Hapo picha inasaidia: dawa inachomwa kwenye mshipa, figo zinaichuja, na eksirei inaonyesha inapovujia.

Kwa misuli iliyolegea kuna ultrasaundi. Inatumia mawimbi ya sauti, si mionzi. Mgonjwa anaambiwa akohoe au asukume, na daktari anaona kwenye kioo kibofu kinashuka kiasi gani. Si kila mgonjwa anahitaji picha, lakini inapohitajika inamwonyesha daktari pa kutibu.

Sasa ufanye nini?

Kama ni wewe, usione haya. Mweleze muuguzi, pengine ni maambukizi tu ya njia ya mkojo. Kama ni dada au mama, usimcheke, msindikize kituo cha afya. Fistula hutibiwa kwa upasuaji, Bugando pale Mwanza na CCBRT Dar es Salaam. CCBRT waliona kwamba hata matibabu yakiwa bure, nauli inawakwamisha wengi. Ndiyo maana mwaka 2009 walianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa.

Na mjamzito yeyote nyumbani kwenu, awahi hospitali uchungu unapoanza. Tundu hilo linazuilika!