Maua ya Fisher na daftari la dagaa

Ukifungua maelezo ya dplyr, programu inayotumika sana kuchambua takwimu kwa lugha ya R, mifano ya kuchagua safu inatoka mbali. Mmoja ni wa maua 150 ya aina 3, ambayo vipimo vyake vilichapishwa na Mwingereza Ronald Fisher mwaka 1936. Mwingine ni wa wahusika wa sinema za Star Wars: unaambiwa uchague safu zinazoishia na "color", unapata rangi ya nywele, ya ngozi na ya macho. Basi.

Mimi ni Mrundi niliyezaliwa na kusoma Ulyankulu, Tabora, nikarejea mwaka 2008. Hesabu tulifundishwa kwa Kiswahili, kwa magunia ya mahindi na marobota ya tumbaku, na zilituingia. Sasa jioni nawafundisha wafanyabiashara wa njia ya Mugina na Manyovu, wengi wao warejea kama mimi. Mama mmoja muuza dagaa aliniuliza, "Mwalimu, haya maua kilo ni bei gani?" Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa la haki.

Chukua daftari lake. Safu ni 7: tarehe, bidhaa, kilo, bei_fbu, bei_tsh, ushuru_fbu, ushuru_tsh. Amri ya starts_with("bei") inaleta bei zote mbili, ya faranga na ya shilingi, na anayezijumlisha pamoja atapata namba isiyo pesa ya nchi yoyote. Anayetaka hesabu ya upande wa Tanzania aseme ends_with("tsh"): bei na ushuru vinakuja pamoja, faranga zinabaki nje. Hapo mtu anaona faida ya amri, jambo ambalo rangi ya macho haimwonyeshi.

Kuchagua kwa namba ya safu ndiko kubaya zaidi. Leo 4:5 ni bei. Kesho akiongeza safu ya nauli baada ya bidhaa, 4:5 inakuwa kilo na bei ya faranga, na kompyuta hailalamiki hata kidogo. Kiswahili nacho kina mtego wake: safu zikiitwa kwa majina ya bidhaa, starts_with("ma") italeta mahindi na maharage, lakini pia mafuta na malipo.

Maelezo ya dplyr yako wazi, na yeyote anaweza kupendekeza mfano mpya. Mimi ningependekeza daftari la dagaa, na chini ya kila amri zionyeshwe pia safu zilizoachwa.